Wimbo wa Mwenzio, Pato la Nani? Funzo la Luke Combs na “Fast Car”

Kuna ubishi ambao hauishi kwenye mabaraza yetu ya Pwani, hasa msimu wa harusi. Kijana hupanda jukwaani akaimba wimbo wa zamani wa Juma Bhalo au wa Zein, watu wakasimama kutunza, na kesho yake kipande kiko YouTube. Hapo baraza hugawika. Wa upande mmoja husema kijana ni mwizi, hana lake la kuimba. Wa upande wa pili husema wimbo ni kama maji ya kisima cha mtaa, kila mwenye ndoo na ateke.

Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Na kisa kinachonisaidia kulieleza hilo hakitoki Mvita wala Amu. Kinatoka Marekani, kwenye muziki wa kantri.

Mwaka 2023, mwimbaji wa kantri aitwaye Luke Combs aliuimba upya wimbo “Fast Car” wa Tracy Chapman, wimbo uliotoka 1988. Ukapanda hadi nambari mbili kwenye Hot 100, chati kuu ya gazeti la Billboard. Kwenye chati ya nyimbo za kantri zinazochezwa redioni ukashika nambari moja. Aliyeimba akasifiwa, na aliyetunga akalipwa na akapewa tuzo. Hakuna aliyemwita mwenziwe mwizi. Vipi iliwezekana? Hilo ndilo nataka tulipitie pole pole, maana ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Wimbo ulikotoka

Kantri si mgeni kwetu. Redio zetu zimewapiga Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams kwa miaka na miaka, na wapo wazee wa hapa wanaojua nyimbo hizo kuliko Wamarekani wenyewe. Lakini Tracy Chapman hakuwa mtu wa kantri. Ni mwanamke Mwafrika wa Marekani, mzaliwa wa Cleveland katika jimbo la Ohio, mwaka 1964. Alilelewa na mamake katika maisha ya dhiki, akapata ufadhili wa masomo, akafika Chuo Kikuu cha Tufts karibu na Boston. Huko alikuwa akipiga gita na kuimba barabarani na kwenye migahawa ya kahawa.

Albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake mwenyewe, ilitoka Aprili 1988. Ndani yake mlikuwa na “Fast Car”. Ni hadithi ya mwanamke maskini aliyeacha shule amtunze babake mlevi baada ya mama kuondoka. Anapata mpenzi mwenye gari, wanahamia mjini, yeye anapata kazi ya kupokea pesa dukani. Anatumai mambo yatanyooka. Hayanyooki, kwani mpenzi naye anageuka mlevi, na mwanamke anabaki kuubeba mzigo uleule aliokuwa akiukimbia. Wimbo hauna matusi wala kelele. Una gita, sauti, na ukweli ambao mtu wa Kisauni ataufahamu sawa na mtu wa Ohio.

Tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley mjini London ulijaa watu waliokuja kwenye tamasha la kumuenzi Nelson Mandela kwa kutimiza miaka 70, wakati huo akiwa bado kifungoni. Chapman alikuwa amekwisha kuimba zamu yake. Stevie Wonder alipotaka kupanda, diski ya kinanda chake cha kielektroniki haikuonekana. Ikabidi pengo lizibwe haraka, na Chapman akarudishwa jukwaani peke yake na gita lake. Tamasha lilikuwa likirushwa dunia nzima. Baada ya siku hiyo mauzo yake yaliruka. “Fast Car” ilifika nambari sita Marekani na nambari tano Uingereza, na mwaka uliofuata Chapman akaondoka na tuzo tatu za Grammy.

Kijana wa North Carolina

Luke Combs alizaliwa North Carolina mwaka 1990, wimbo ukiwa unakaribia kutimiza miaka miwili. Amesimulia mara nyingi kwamba aliusikia utotoni, ndani ya gari la babake, na kwamba ulikuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza alizozipenda maishani. Alipokuwa nyota aliuimba kwenye maonyesho yake kabla ya kuurekodi. Machi 2023 akauweka kwenye albamu yake “Gettin’ Old”. Haukuwa wimbo wa kwanza kupigiwa debe kwenye albamu hiyo. Wasikilizaji ndio walioukamata, wakausikiliza mtandaoni kwa wingi, nazo redio zikafuata.

Jambo moja nililolipenda ni adabu yake mbele ya wimbo. Hakuugeuza. Gita linaanza vilevile, mwendo ni uleule, na zaidi ya hayo hakubadilisha maneno. Mwanamume mwenye ndevu na sauti nzito anaimba akiwa ni yule msichana wa dukani, kama Chapman alivyoandika. Waimbaji wengi wangegeuza, wakafanya ni mwanamume anayesimulia. Combs aliacha. Alisimama mahali pa mwenye hadithi, hakujifanya ndiye mwenyewe.

Hakuwa wa kwanza kuurudia wimbo huu. Mtengenezaji muziki Mwingereza, Jonas Blue, alitoa “Fast Car” ya kuchezea densi, ikafika nambari mbili Uingereza mwaka 2016. Kwa hivyo wimbo huohuo umeingia chati mara tatu katika sura tatu, na mara zote tatu mtunzi ni mmoja.

Chati zinahesabu nini

Tusimame kidogo hapa, maana watu husema “namba moja” bila ya kuuliza namba moja ya nini. Hot 100 hujumlisha mambo matatu: wimbo unavyosikilizwa mtandaoni, unavyochezwa redioni za kila aina, na unavyonunuliwa. Huko Combs aliishia nambari mbili, akizuiliwa na “Last Night” ya Morgan Wallen, naye ni mwanakantri. Chati nyingine huhesabu redio za kantri peke yake, na hiyo ndiyo aliyoishika kileleni Julai 2023.

Chati hii ya pili ndiyo iliyoweka historia, na historia yenyewe ilikuwa ya Chapman zaidi kuliko ya Combs. Tangu chati hiyo ianzishwe mwaka 1990, hakuwahi kutokea mwanamke mweusi mwenye wimbo namba moja alioutunga peke yake. Yeye ndiye wa kwanza, na hakuimba hata neno moja kwenye rekodi hiyo.

Novemba 2023, kwenye tuzo za Chama cha Muziki wa Kantri mjini Nashville, wimbo ukapata tuzo mbili. Tuzo ya Singo ya Mwaka ni ya rekodi, kwa hivyo alichukua Combs, na alipopanda kuipokea alimshukuru Chapman kwanza. Tuzo ya Wimbo wa Mwaka ni ya utunzi, kwa hivyo ilikwenda kwa Chapman, miaka 35 baada ya wimbo kutoka. Hakuna mtunzi mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Yeye hakuhudhuria, ni mtu asiyependa makelele, akatuma salamu za shukrani.

Naomba msomaji aitie akilini tofauti hiyo ya tuzo mbili. Wenzetu wanajua kwamba wimbo ni vitu viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na lahani. Na kuna rekodi, yaani sauti ya fulani siku fulani ndani ya studio fulani. Kila kimoja kina mwenyewe, kina tuzo yake na kina malipo yake. Ukishalifahamu hili, nusu ya ubishi wa barazani umekwisha.

Pesa zinapita njia gani

Marekani mwimbaji hahitaji kumpigia magoti mtunzi ili aurudie wimbo ambao umeshatolewa hadharani. Sheria inampa ruhusa, ila kwa masharti: alipe kiwango kilichowekwa, na asiigeuze lahani ya asili wala kuharibu hulka ya wimbo. Anaweza kuupamba kwa mtindo wake, si kuufanya kitu kingine.

Sheria hiyo ilianza mwaka 1909, zama za vinanda vilivyojipiga wenyewe kwa karatasi zilizotobolewa. Wabunge wa Marekani waliogopa kampuni moja isije ikanunua haki za nyimbo zote ikawanyima wengine. Wakasema: mwenye wimbo akishamruhusu mmoja kuurekodi, basi na wengine waruhusiwe, mradi walipe senti mbili kwa kila nakala. Senti hizo mbili zilidumu hadi 1978. Mwaka 2023, wimbo wa Combs ulipokuwa ukivuma, kiwango kilikuwa senti 12 za dola kwa kila nakala iliyouzwa au kupakuliwa. Piga hesabu: nakala milioni moja zikiuzwa, dola 120,000 ni za upande wa utunzi kabla ya mwimbaji kuhesabu chake. Kusikiliza mtandaoni kuna hesabu yake tofauti, lakini huko nako mtunzi ana fungu.

Redio ndiyo yenye ajabu zaidi. Marekani, stesheni za kawaida za FM na AM zinapocheza wimbo humlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji hapati kitu, na kampuni iliyorekodi pia haipati kitu. Hilo limewaudhi waimbaji kwa miaka mingi, lakini ndivyo lilivyo. Maana yake ni kwamba kila mara stesheni ya kantri ilipomcheza Combs mwaka 2023, pesa ya redio ilikwenda kwa Chapman. Gazeti la Billboard lilikadiria mwaka huo kuwa mapato ya utunzi yaliyotokana na rekodi ya Combs yalifikia kama dola nusu milioni, sehemu kubwa ikiwa ni ya Chapman. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Msije mkadhani Combs alipunjika. Ana mauzo ya rekodi yake, ana malipo ya mtandaoni, ana viwanja vinavyojaa. Lakini kilicho cha Chapman kilimfikia Chapman bila ya kuomba na bila ya kwenda kortini.

Mfano wa pili ni Dolly Parton. Yeye ndiye aliyetunga “I Will Always Love You”, ikawa namba moja ya kantri mwaka 1974. Elvis Presley akautaka wimbo huo, lakini msimamizi wake akashikilia kwamba lazima nusu ya haki za utunzi iwe yao. Elvis wakati ule alikuwa mfalme, na Dolly alilia usiku ule, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye. Hata hivyo alikataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwa ajili ya filamu ya “The Bodyguard”, ukakaa wiki 14 juu ya Hot 100. Kwa vile Dolly alikuwa hajauza haki yake, neema ile ilimkuta akiwa nayo yote mkononi.

Si kila kurudia ni kurudia

Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoteleza. Kuimba wimbo wa mtu kama ulivyo ni jambo moja. Kuchukua kipande cha lahani yake au maneno yake ukakitia ndani ya wimbo wako mpya ni jambo jingine kabisa. Na kuchukua kipande cha rekodi yenyewe, sauti ileile ya studio, ni jambo la tatu. La kwanza Marekani lina ruhusa ya kisheria kwa malipo. La pili na la tatu lazima uende kwa mwenyewe ukaombe, naye ana haki ya kukwambia la.

Chapman huyohuyo ndiye mfano. Nicki Minaj alitaka kutumia sehemu ya wimbo wake “Baby Can I Hold You” ndani ya wimbo mpya. Akaombwa ruhusa, akakataa. Mwaka 2018 wimbo huo mpya ukasikika redioni hata hivyo, na Chapman akaenda mahakamani. Jaji aliamua mwaka 2020 kwamba kujaribu-jaribu ndani ya studio kabla ya kuomba ruhusa si kosa, ila suala la kuusambaza likabaki la kuamuliwa. Halijafika huko. Minaj akakubali kulipa dola 450,000 na kesi ikafungwa.

Mwanamke mmoja, nyimbo zake mbili. Mmoja akafurahi na kupongeza, mwingine akashtaki. Wapo waliosema ana roho mbaya kwa mweusi mwenziwe na roho nzuri kwa mzungu. Mimi sioni hivyo. Combs alipita mlangoni, tena mlango ambao sheria imeufungua. Upande wa pili uliambiwa mlango umefungwa, na wimbo ukatoka.

Lawama iliyobaki

Nisingekuwa mkweli lau ningeacha sehemu chungu. Wimbo ulipopanda mwaka 2023, watu weusi wengi Marekani waliuliza swali la haki: mbona wimbo wa mwanamke mweusi haukufika kileleni mwa redio za kantri hadi ulipoimbwa na mwanamume mzungu? Redio za kantri zinajulikana kwa kuwanyima nafasi wanawake, na wanawake weusi zaidi. Na hili linauma kwa sababu muziki wenyewe una asili ya Kiafrika ndani yake. Banjo, ala inayotambulisha kantri, mizizi yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa.

Historia yenyewe imepita kotekote. Mwaka 1962 Ray Charles, mweusi na kipofu, alirekodi albamu nzima ya nyimbo za kantri za wazungu. Mmoja wao, “I Can’t Stop Loving You” wa Don Gibson, ukawa namba moja nchi nzima. Charley Pride, mweusi mwingine, alitawazwa Mtumbuizaji wa Mwaka na chama kilekile cha kantri mwaka 1971. Kwa hivyo mlango umewahi kufunguka, lakini haukuachwa wazi.

Chapman mwenyewe aliiambia Billboard kwamba hakutarajia kujikuta kwenye chati ya kantri, ila ni heshima kwake, na anamfurahia Combs na mafanikio yake. Kisha tarehe 4 Februari 2024, kwenye Grammy mjini Los Angeles, wakasimama pamoja. Ilikuwa nadra kumuona, maana alikuwa hajafanya ziara za muziki tangu 2009. Combs alimtazama muda mwingi kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu wake. Baada ya usiku ule, rekodi ya Chapman ya 1988 ikapanda hadi namba moja kwenye mauzo ya iTunes Marekani. Uchungu wa swali haukufutika, lakini mwenye wimbo alirudishiwa kiti chake mbele ya watu.

Turudi kwetu

Sasa tujitazame. Pwani hii tuna kisa chetu cha kujivunia na kisa chetu cha kusikitikia.

Cha kujivunia ni “Jambo Bwana”. Them Mushrooms walikuwa vijana wa Mombasa waliopiga muziki kwenye mahoteli ya ufuo. Marehemu Teddy Kalanda Harrison akautunga wimbo huo, wakaurekodi mwaka 1980, na mwaka 1983 Boney M. wakatoa toleo lao lililosikika Ulaya nzima. Wimbo umerudiwa na watu chungu nzima, lakini jina la mtunzi linajulikana.

Cha kusikitisha ni “Malaika”. Fadhili William, mtu wa Taita, aliurekodi miaka ya mwanzo ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba kwenye albamu yao ya 1965, Boney M. nao wakauimba mwaka 1981. Dunia nzima inaujua. Lakini hadi leo watu wanabishana nani aliyeutunga, wengine wakimtaja Fadhili, wengine wakimtaja Adam Salim wa Tanzania. Wimbo ulipoanza kuzaa pesa, karatasi haikuwa wazi. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Na taarabu je? Taarabu yetu imejengwa juu ya mgawanyo uleule wa mtunzi na mwimbaji. Mohamed Khamis Juma Bhalo aliimba, na mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Wapo washairi wengi wa Mvita, Amu na Malindi ambao tungo zao zilisikika kwenye kaseti za Mbwana Radio Service na nyinginezo, na wasikilizaji hawakujua nani aliyeandika. Harusini mwimbaji hutunzwa. Mtunzi hatunzwi.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Aliandika kwa penseli kwenye madaftari ya shule, na waimbaji walikuwa wakija nyumbani jioni kuchukua. Wimbo mmoja ulipendwa sana. Ulipigwa kwenye kila harusi, kaseti zikauzwa hadi ng’ambo. Malipo yake yalikuwa kikoi kimoja na ahadi. Alikufa bila ya jina lake kuandikwa kwenye kifuniko cha kaseti hata moja. Sisemi haya kumlaumu mtu, zama zile ndivyo mambo yalivyokuwa na wengi hawakujua. Lakini siku hizi nausikia wimbo ule mtandaoni, umeimbwa na vijana watatu tofauti, mmoja ameandika chini yake kuwa mtunzi hajulikani. Anajulikana. Madaftari yake yako kabatini kwa binamu yangu.

Jambo jingine ni lahani za filamu za Kihindi. Wazee wetu walizipenda, wakazitilia maneno ya Kiswahili, na zimekuwa sehemu ya taarabu ya Mombasa. Ni urithi mtamu, na siubezi. Ila tujue kwamba kwa macho ya sheria lahani ina mwenyewe. Kaseti ilikuwa haiulizi. YouTube inauliza, kwa sababu ina mfumo unaotambua sauti na hata lahani, na kijana anashangaa pesa za video yake zinakwenda Mumbai.

La kufanya

Sheria ya Kenya ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake, mshairi aliyefariki mwaka 2000, warithi wake wana haki hadi mwisho wa 2050. Hiyo ni mirathi kama shamba la minazi, na inastahili kuandikwa na kugawanywa kama mirathi nyingine. Tena kwa upande mmoja sheria yetu ni bora kuliko ya Marekani, kwa sababu redio inatakiwa kumlipa mtunzi na mwimbaji na mtengenezaji wa rekodi pia. Kwa miaka mingi kazi ya kukusanya malipo hayo ilikuwa ya MCSK kwa watunzi, PRISK kwa waimbaji na KAMP kwa watengenezaji. Malalamiko juu ya vyama hivyo ni mengi na yanajulikana. Lakini asiyejisajili hana hata pa kuanzia kulalamika.

Kwa kijana anayetaka kurudia wimbo wa zamani, ushauri wangu ni huu. Usidhani ile ruhusa ya Marekani inakufunika hapa. Tafuta mwenye haki, aliye hai au warithi wake, na mwandikiane. Pwani hii si kubwa, mtu hapotei. Andika jina la mtunzi juu ya video, si chini kwa herufi za sisimizi. Imba maneno yake kama alivyoyaandika. Ukitaka kugeuza au kuchukua kipande tu, omba ruhusa kwanza, na ukikataliwa kubali.

Kwa mtunzi aliye hai: andika tarehe na jina kwenye kila utungo. Haki yako inaanza pale tu utungo unapoandikwa au kurekodiwa, lakini usajili ndio ushahidi wako siku ya mzozo, na KECOBO, bodi ya hakimiliki, inasajili kazi kwa njia ya mtandao. Mwimbaji akija kuchukua shairi, muandikiane karatasi, hata iwe mistari mitatu. Usiuze moja kwa moja kwa sababu ya shida ya leo. Mkumbuke Dolly na yule mfalme.

Na kwa ndugu zangu wenye madaftari kabatini: mchwa na chumvi ya bahari havingoji. Wiki hii yatoeni, yapigeni picha ukurasa kwa ukurasa, muandike ni ya nani na aliimba nani. Muulizeni mzee aliyebaki, maana akiondoka yeye hakuna wa kushuhudia.